Papa Aliyekula Mkono wa Bienfait

Kaka yangu alirudi Bukavu bila mkono wa kulia, na neno lake la kwanza mlangoni halikuwa salamu.

"Funika ile basini."

Yalikuwa maji ya kuoshea vyombo tu. Nikayafunika kwa kipande cha kitenge, ndipo akakubali kuingia.

Naitwa Colette. Mimi si mtu wa hadithi za mizimu, nafanya kazi ofisini na kichwa changu kiko sawa. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Bienfait ni mkubwa wangu, namwita yaya. Kabla ya kuondoka alikuwa mvuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo, hapa Nguba, kwenye Ziwa Kivu. Ziwa letu halina mamba, halina kitu cha kuuma mtu. Mvuvi akisikia joto anaruka majini, anaogelea, anarudi chomboni anacheka.

Halafu rafiki yake akamvuta mpaka Muanda, kule nchi yetu inapogusa bahari. Akapata kazi kwenye boti ya kuvua papa. Huku kwetu papa ni baba, kwa hiyo samaki yule tunamwita requin. Watu wa pwani msinicheke.

Siku moja simu ikapigwa: requin amekula mkono wake.

Sasa alikuwa nyumbani, na mchana kutwa anakaa juu ya ukuta ulio karibu na ziwa, anaangalia sehemu moja ya maji. Nikamfuata.

"Yaya, unaangalia nini?"

"Tuko tunashuka," akasema.

"Weye na nani?"

Akavuta miguu juu ya ukuta, mbali na maji. Niliondoka pale nikijaribu kutembea kama mtu asiye na haraka.

Sasa, kuna kitu lazima mkijue. Kwenye familia yetu, mtoto anayekwenda mbali hunyweshwa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kutoka kibuyu cha shangazi yake. Shangazi anamtamkia neno zuri, mtoto anameza, safari inafunguka.

Shangazi yetu ni Tante Madeleine, dada ya baba, mkulima wa maharagwe kule Nyantende. Mdomo wake ni moto, hajui kuficha neno. Siku ya kumuaga Bienfait alikuja na kibuyu chake, akakaa, akamwangalia, kisha akasema, "Huyu mimi simunyweshe." Akabeba kibuyu, akaenda zake. Bienfait akasafiri koo kavu.

Kwa hiyo mkono ulipoliwa, kila mtu nyumbani alikuwa ameshapata jibu. Sisi Wakatoliki wa misa ya kila Jumapili tukakimbilia chumba cha maombi. Mtumishi wa Mungu wa pale akafumba macho.

"Ile samaki ilitumwa. Ni mwanamuke wa damu yenu aliituma."

Binamu yetu Akonkwa akaruka. "Ni Tante! Nani alimunyima kasiksi?"

Nikapiga kelele. "Requin ya Muanda inapokea amri ya Nyantende namna gani? Ilipigiwa simu?"

Wakaniambia masomo yameniharibu. Baba, ndugu wa tumbo moja na Tante, aliangalia viatu vyake tu. Hilo lilinichoma kuliko maneno ya mtumishi.

Jumapili, baada ya misa, ndugu zangu wakaenda Nyantende; Baba alibaki nyumbani, hakuwazuia. Akonkwa alibeba kidumu cha petroli. Bienfait wakamchukua ili Tante aone kazi yake. Mimi nikajipakia kwenye gari kwa nguvu, maana Tante ndiye aliyenifundisha kusali.

Tulimkuta anapepeta maharagwe. Akaona kidumu, akaingia ndani, akasimama mlangoni.

"Tante, sema," Akonkwa akaanza. "Ni weye ulituma ile samaki?"

"Mimi? Bahari sijaionaka hata siku moja."

"Ulimunyima kasiksi!"

"Ni juu ya kutaka abakiye!" Akaushika mlango kwa mikono miwili. "Nilifikiri mwenye hajakunywa haendake. Nilimupenda, ndio maana."

Akonkwa hakusikiliza. Akamwaga petroli kwenye mlango, harufu ikajaa uwanja mzima. Nilimshika shati, akanisukuma nikaanguka juu ya maharagwe.

"Wacha," Bienfait akasema. Tulikuwa hatujasikia sauti yake kwa siku nyingi, na wote tukamgeukia.

"Hakuna mutu aliituma. Ni sisi tulienda kuitafuta kwake."

Akakaa chini, akasimulia. Kwenye boti ile walitaka mapezi tu, maana mapezi ndiyo yenye bei. Walimvuta papa, wakamkata mapezi, mwili wakautupa baharini.

"Inakuwa muzima," alisema. "Tunaitupa muzima."

"Na ilikamata je mukono yako?" Akonkwa akauliza.

"Wenye bahari walituambia: requin haitafutake mutu. Inaumaka kama maji ni michafu haione muzuri, ao kama imesikia damu, ao kama umeishika. Mimi nilikuwa nimeishika. Ilikuwa mu boti, Akonkwa. Haikunifuata mu maji."

Akashika kipande cha mkono kilichobaki.

"Huku kwetu sambaza ikitoka mu maji, inakufa palepale. Nilifikiri na ile imekufa. Nilikuwa nimemaliza mapezi yote. Nikaingiza mukono mu kinywa nitoe ndoano. Ikafunga."

Mtu mmoja nyuma yangu alianza kusali.

"Waliitupa hivyohivyo. Bila pezi haiwezi kuogelea, inashuka tu, pole pole, macho wazi. Inaniangalia. Mukono yangu iko mu kinywa yake. Kila siku naisikia, vidole viko na baridi. Tuko tunashuka nayo mpaka leo."

Akonkwa aliweka kidumu chini. Hakuna aliyeomba msamaha. Tante alitoka, akakanyaga petroli miguu mitupu, akakishika kile kipande cha mkono na kukilaza tumboni pake. Bienfait akalia kama mtoto. Mimi nililia pia, kwa hasira zaidi.

Mnafikiri mambo yaliishia hapo kwa amani? Hapana.

Juma lile Tante alihamia Sange kwa binti yake. Baba alimfuata kumwomba arudi.

Akamjibu, "Wale walikuja na essence ya kunichoma, nimewasamehe, ni batoto. Lakini weye, kaka yangu, ulijua kama siwezi kutuma ile samaki. Ulinyamaza juu ya nini?"

Baba alirudi Bukavu peke yake, na nyumba ya Nyantende imefungwa hadi sasa.

Ndugu msomaji, ukiumwa, usikimbilie kumtafuta mchawi. Jiulize kwanza mkono wako ulikuwa umeingia wapi.