Kiuno cha Ajida

Baba alitoka jeshini na kovu la risasi pajani pamoja na cheo cha ajida, na hata uraiani watu wakaendelea kumwita hivyo. Kampuni ya shaba ilimpa kazi ya ulinzi getini na nyumba ya vyumba viwili katika kambi ya wafanyakazi. Humo tuliishi watoto sita, mama, na utaratibu wa baba. Kila asubuhi tulijipanga kwa kimo akatukagua kucha. Sisi wasichana wanne alitusuka nywele yeye mwenyewe, maana mama alisuka huku akipiga soga na mistari ikapinda. Baba alisuka kimya, na mistari ikanyooka kama reli ya kwenda Likasi. Nimehamahama miji mingi tangu hapo na kukalia viti vya wasusi wengi, hakuna aliyemfikia.

Enzi zile chama kilikuwa kimoja, na kufanya kazi kulikuwa pamoja na kucheza. Kila idara ilikuwa na kikundi chake cha animasio, cha kuimba na kukata viuno ili kukisifu chama na kiongozi wake. Walinzi walikuwa wamesalimika miaka mingi, kwa kuwa lazima mtu abaki getini. Kisha ikasikika kwamba mkubwa wa chama anakuja kutoka Kinshasa. Mkuu wa wafanyakazi akawaita walinzi, akawaambia safari hii watacheza wote. Asiyecheza si mwanachama, na asiye mwanachama hana sababu ya kukaa katika nyumba ya kampuni. Baba alikuwa na kiwanja Ruashi. Kwenye kiwanja hicho hapakuwa na kitu ila rundo la matofali na mbuzi wa jirani.

Alirudi siku hiyo na uso wa mtu aliyeambiwa vita imeanza tena. Mama, ambaye bila yeye harusi za kwao hazikuchangamka, alimwambia wiki mbili zilizobaki zinatosha kujifunza.

Walifanya mazoezi nyuma ya nyumba, mama akipiga beseni. Baba alikuwa mkakamavu kuanzia utosini hadi visiginoni. Akiambiwa azungushe kiuno aligeuka mwili mzima, kama mtu anayetafuta nani kamwita. Mama alimshika nyonga akasukuma. Ilikuwa kama kusukuma kabati.

“Papa, kiuno haiko bunduki. Uiachilie.”

“Sasa nani anaipa amri?” baba akauliza, kwa dhati kabisa.

Tulicheka hadi akatuamuru tujipange nyuma yake tujifunze. Baada ya siku tatu watoto wote tulijua, hata yule wa mwisho aliyekuwa bado anatambaa. Baba bado. Jirani yetu, fundi cherehani kutoka Maniema, alimshauri ajifanye anaumwa mguu, kwani kovu analo na ni la halali. Baba akamjibu kwamba hajawahi kukwepa zamu.

Siku yenyewe walinzi walipangwa upande mmoja wa uwanja wa mpira, wake zao upande wa pili, baba katikati ya mstari wa mbele kwa heshima ya cheo. Ngoma ikalia. Wenzake wakaanza kutikisika. Baba alisimama wima, mikono ubavuni, jasho likimtiririka. Nilimwona mkuu wa wafanyakazi akitoa kalamu.

Mama naye aliiona kalamu hiyo. Akatoa sauti ya amri ambayo tulidhani ni ya baba peke yake.

“Ajida! Kiuno, kushoto!”

Kiuno kikaenda kushoto.

“Kulia! Kushoto! Zungusha! Chini, Ajida, chini!”

Baba akashuka hadi chini, uso mkavu kama yuko mbele ya bendera, nyonga ikitii kila neno. Uwanja ulilipuka. Mkubwa kutoka Kinshasa alipanda juu ya kiti chake ili aone vizuri.

Jumatatu baba aliitwa ofisini. Nyumba ilibaki yetu. Ila tangu siku hiyo alitangulia mbele ya kikundi cha kampuni nzima, Jumamosi zote na kila alipopita mkubwa yeyote, na mama akiwa mtoa amri rasmi. Ilikuwa hivyo kwa miaka. Mtu aliyerudi kutoka vitani akitembea alirudi kutoka animasio akishikilia ukuta. Alilala kifudifudi mkekani, mama akampaka mawese ya moto kiunoni.

“Mama, nyumba iko yetu bado?” aliuliza, macho amefumba.

“Iko yetu, Papa.”

“Basi, sugua.”