Nilifunga Siku Tatu Kabla ya Kupasuliwa

Nawaandikia nyinyi mnaongoja kupasuliwa, na roho imewasimama kama yangu ilivyosimama.

Nilikuwa mtu wa kucheka. Nilichapisha kadi za harusi katika mtaa wa River Road, na kila kadi niliwaza yangu itakuwa ya rangi gani. Kisha nikapata mawe kwenye mfuko wa nyongo. Nikila chapati, maumivu yananikamata chini ya mbavu za kulia mpaka natapika maji ya njano. Daktari akasema mfuko utolewe.

Mtaani kwetu Kabiria, mtu akienda kupasuliwa, kikundi cha maombi hufunga siku tatu. Mama ndiye kiongozi. "Shiro, sisi tukulilie kwa Mungu na wewe unakula?" Nikaona aibu. Nikafunga nao, bila chakula, bila maji.

Hospitali ilikuwa imesema nisile tu kuanzia saa sita usiku, na maji ninywe mpaka alfajiri.

Asubuhi nesi akaniuliza, "Umekula kitu tangu saa sita?"

"Hapana, sista."

"Msichana mzuri! Wengine hapa hunificha mandazi."

Nikacheka. Zile siku tatu sikuzitaja. Niliona ni mambo yangu na Mungu.

Zamu yangu ikasogezwa hadi mchana. Jasho baridi likanitoka, moyo ukaenda mbio. Mkojo ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Pumzi yangu ilinuka ndizi iliyooza. Nikasikia Mama akiniita, nikashindwa kuitika.

Nilizinduka nikiwa na dripu. "Siku ngapi hujala?" daktari aliuliza.

"Tatu."

Akanieleza: "Sukari iliyowekwa akiba kwenye ini iliisha mapema. Mwili ukaanza kuchoma mafuta, ukala na misuli. Ningekupasua hivyo, pengine usingeamka."

Mama akaketi sakafuni. "Nimemuua mtoto wangu," alisema, na mimi niko hai, namsikia.

Nilirudi nyumbani na mawe yangu. Wiki mbili za maumivu na uji mwepesi. Mara ya pili nilikula wali jioni, alfajiri nikanywa maji, nikapasuliwa. Kidonda kilichelewa kupona, lakini kilipona.

Namshukuru Mungu, na yule daktari. Wewe mwambie nesi kila kitu, hata ulichomwahidi Mungu. Na ukimpenda mgonjwa, funga wewe, yeye mwache ale.

Mama bado anafunga kwa ajili ya wagonjwa, ila kwanza hukaa nao mpaka wamalize sahani. Mimi nikila, hugeuza uso; bado hajajisamehe.