Mdomo Usiostahili Aproni

Doreen Tapping alikuwa na pua ya kukunja. Akisikia neno jipya la Kiingereza, pua ilipanda juu kama amefunuliwa sufuria ya supu iliyochacha. Na pale soko la Whitechapel, mashariki mwa London, siku hizi ilikuwa haishuki.

Kibanda cha matunda alikirithi kwa mama yake, pamoja na aproni ya turubai yenye mfuko tumboni. Desturi ya soko ni moja: anayevaa aproni ndiye anayenadi. Wengine wafungashe, wanyamaze. Doreen alinadi kwa Kiingereza cha mama yake, neno kwa neno. Sasa magoti yamekwisha, na Jodie, mjukuu wake pekee, alikuwa akiisubiri aproni. Lakini Jodie na mdomo ule!

"Ukinadi kwa hayo matapishi yako, kibanda namwachia Mosabbir," bibi alimwambia. "Mungu shahidi."

"Bibi naye! Si ndivyo watu wanavyoongea?"

"Watu gani? Neno hili umeliokota kwa Wajamaika, lile kwa Wabengali, jingine umelitoa kwenye simu. Kiingereza umekigeuza jalala!"

Mosabbir, muuza bamia wa meza ya jirani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Mkubwa, na wewe je? Nusu ya maneno unayonadia, mama yako aliyachukua kwa mafundi cherehani wa Kiyahudi walipojaa mtaa huu. Marehemu baba alinihadithia. Watu wakikaa jirani wanaombana chumvi, ndio wasiombane maneno?"

"Nenda zako huko!" Doreen alifoka. Lakini alimkumbuka bibi yake mzaa mama, mtu wa mashamba ya Suffolk, alivyokuwa akitema mate kila binti yake, mama yake Doreen, alipofungua kinywa kunadi.

Jumamosi moja sauti ikamkauka. Doreen alijaribu kunadi, ukatoka mkwaruzo tu. Wateja wakapita. Peasi zilikuwa zimeiva sana, zikilala ni za kutupa. Jodie akavumilia, akavumilia, kisha, bila aproni, akapaza sauti. Wauzaji wote wakageuka kumtazama. Hajawahi mtu kuthubutu hivyo! Na maneno yalikuwa yaleyale, uvundo mtupu, ila watu wakaja kwa kucheka, wakanunua.

Doreen alivua aproni, akaikunja, akaelekea kwa Mosabbir kumkabidhi, kama alivyoapa.

Hapo binti mmoja wa shule, aliyekuwa akichagua peasi, akamwambia Jodie, "Dada, hilo neno bado mnalo? Mbona la kizee! Siku hizi tunasema hivi." Akatamka anachokijua yeye.

Jodie akaganda na peasi mkononi. Pua ikapanda. "Ebo! Uchafu gani huo? Hicho nacho ni Kiingereza? Watoto nyie mnaharibu lugha!"

Doreen akasimama. Pua ile aliijua. Ilikuwa ya bibi yake, ikawa ya mama yake, na asubuhi hiyo hiyo aliiona kwenye kioo.

Mosabbir alikuwa keshanyoosha mkono kupokea aproni. Doreen akamchapa kikofi. "Toa mkono wako hapa!"

Akarudi, akamfunga mjukuu wake aproni kiunoni, akakaza fundo.

"Haya, nadi," alikwaruza. "Mimi naziba masikio."