Jirani Asipewe Kitu

Sikuwahi kutembea London, nilikimbia tu. Nikimbilie basi, nikimbilie skuli, nikimbilie kwa bibi mmoja wa Kiingereza, mgonjwa, ambaye kazi yangu ilikuwa kumwamsha, kumwogesha na kumpa chai na dawa. Zamu ilianza saa moja asubuhi. Skuli ya mwanangu ilifungua mlango karibu na saa tatu. Mume wangu alikuwa dereva wa basi, na saa hizo yeye alikwishatoka zamani. Hebu niambie, hapo katikati mtoto wa miaka sita akae wapi?

Serikali ilikuwa ikihubiri kila mahali kwamba kina mama warudi kazini. Haya, tumerudi. Lakini malezi ya kulipia yangeumeza mshahara wangu wote, na sehemu zenyewe hazifungui kabla ya saa mbili. Aliyeipanga sera ile bila shaka alikuwa na mtu nyumbani wa kumvalisha mwanawe soksi.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mama mmoja wa Mombasa, mlango wa pili kutoka kwetu, ghorofa ileile, pale mtaani kwetu Thamesmead. Alikuwa na watoto wawili wa skuli hiyohiyo. Alikuwa anangojea karatasi zake za ukaazi, na mpaka zitoke haruhusiwi kufanya kazi ya malipo ya namna yoyote. Siku moja alinikuta kwenye lifti namburura mtoto, analia, kavaa viatu kushoto kulia. Akasema, "Wee, niachia huyo. Ataenda na wangu. Kwani mtoto ni wa mtu mmoja?"

Basi ikawa ndiyo desturi. Saa kumi na mbili asubuhi namkabidhi mtoto, saa kumi na mbili jioni namchukua, keshakula, keshaoga. Yeye hakutaja malipo, na mie sikumtukana kwa kumtajia. Ila kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bakuli likija na mahamri, linarudi na samaki wa kupaka. Ijumaa nikipika biriani, sufuria ndogo ni yake. Hakuna aliyehesabu. Mwaka mzima tulikaa hivyo, na kusema kweli nilikuwa nampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Tatizo langu mie situlii. Nikasikia kwamba wazazi wanaofanya kazi wanaweza kupata msaada wa gharama za malezi. Nikajiambia, hela hiyo nikiipata nitampa dada wa watu, naye apumue. Nikaomba ruhusa ya saa moja, nikaenda ofisi ya manispaa, nikaketi mbele ya ofisa mmoja mwanamke, mpole, ana tabasamu na fomu.

Akaniuliza nani anamtazama mtoto. Nikamwambia, jirani yangu. Saa ngapi kwa siku? Nikamwambia. Halafu akauliza, "Na yeye unampa chochote?"

Uso ulinipanda moto. Ananionaje huyu? Nimtumikishe mwanamke mwenzangu mwaka mzima, asubuhi na jioni, nisimpe kitu? Nikamjibu kwa kishindo: "Kwani mie sina haya? Nampa! Kila Ijumaa chakula, sikukuu kanga mpya, mchele mfuko mzima, na hela ya sabuni kila wiki." Biriani na kanga ni kweli. Mchele na hela ya sabuni nilivitia mwenyewe, nisionekane bahili mbele ya mtu nisiyemjua. Akaandika yote, polepole, bila kuacha hata kanga.

Kisha akaniambia, kwa upole uleule, kwamba anayelea mtoto wa mwenzake saa nyingi hivyo kwa malipo, hata malipo ya chakula, lazima asajiliwe na akaguliwe. Rafiki anaruhusiwa kusaidia bure, lakini bure kabisa. Akaniomba namba ya mlango wa jirani. Nami, mjinga mie, nikaitaja kabla sijafikiri.

Barua ya manispaa ilimfika wiki ile ile. Alikuja nayo mkononi, hata viatu hakuvaa.

"Umewambia nini, shoga? Hapa pameandikwa nafanya kazi. Mimi! Karatasi zangu ziko mezani kwao, wakiona hii watanirudisha na wanangu."

Nikalia. Nikamwambia nilitaka kumsaidia. Nikamwambia nitarudi kule niseme nilidanganya. Akasema hapana, usirudi, usiseme tena neno. Nikangoja aniambie nimtafutie mwanangu pengine, na moyoni nilikuwa nimekwisha kuipoteza kazi. Akakunja barua yake.

"Mtoto mlete," akasema. "Nitawajibu kwamba nakulelea bure, kama rafiki. Lakini usinipe kitu. Hata chapati moja. Si Ijumaa, si Idi. Ukinipa, umenimaliza."

Sijui kama mtu asiyelelewa kwetu ataelewa adhabu ile. Mabakuli yake yakawa yanarudi yameoshwa, matupu, na kila nikimrudishia moja nilitamani sakafu inimeze. Mwanangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake, mbona anti hali tena chakula chetu. Nikamkaripia.

Miezi ikapita. Mahojiano ya karatasi zake yakapangwa, na wiki moja kabla ya siku hiyo simu ikaja kwamba mamake amefariki Mombasa. Kwenda kuzika hawezi, akitoka harudi. Msiba ukawekwa pale pale ghorofani. Wanawake walikuja kutoka kila pembe ya London, kila mmoja na sufuria yake. Nami nikapika. Nani asiyepeleka chakula msibani? Nikafika mlangoni na sufuria mikononi, macho yamevimba. Akanishika mkono hapo hapo kizingitini, akaninong'oneza, "Rudi nayo. Wiki ijayo wananiuliza. Nihurumie."

Nikairudisha kwangu. Nikaja tena na mikono yangu miwili. Nilipoinuka kuosha vyombo, akanitikisia kichwa, kwamba hata hilo litahesabiwa malipo, nikakaa. Mama mmoja wa makamo akamuuliza mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Si huyu ndiye anayelelewa mtoto wake hapa? Na kaja mikono mitupu!" Mwenzake akaguna. Kujitetea sikuweza, maana ningelazimika kuzitaja karatasi za mwenye msiba mbele ya watu wote wale. Nikatazama mkeka.

Jioni nilipiga simu kazini kuomba siku moja. Meneja akaniuliza marehemu ni nani yangu. Nikasema mama wa jirani. Akasema pole sana, lakini ruhusa ya msiba ni kwa jamaa wa karibu.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili, nilibisha mlango wa mwenzangu aliyefiwa na mama jana. Alifungua, macho mekundu, kanga begani. Akampokea mtoto.