Mhudumu Anayewahesabia Pumzi Wagonjwa wa Saratani

Saa tatu asubuhi, dawa imeshaanza kudondoka. Wagonjwa saba wameegemea vitini, kila mmoja na mpira wa dripu mkononi. Mwanamke mnene mwenye kandambili anapita katikati yao akisema taratibu: "Vuta kwa pua. Moja, mbili, tatu, nne. Sasa toa kwa mdomo, polepole, kama unapoza chai."

Wodi nzima humwita Mama Pumzi. Kazi yake hasa ni kubadilisha mashuka na kumwaga matapishi. Mazoezi haya alifundishwa miaka tisa iliyopita na mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija kila Jumatano. Mtaalamu akahamishwa, hakuletwa mwingine. Mhudumu akaendelea mwenyewe.

"Hayaponyi, nawaambia wazi," anasema. "Yanapunguza ile hofu inayokupata sindano ikiingia. Basi."

Dereva mmoja mstaafu anadakia: "Mimi ananipumulisha kama lori bovu linapanda mlima!" Wanacheka. Kicheko chake kinageuka kikohozi.

Mwaka huu Mama Pumzi alianza na wagonjwa thelathini na mmoja. Kumi na tisa wameshafariki. Zamani alikuwa akienda mazishini. Siku hizi ameacha.

Miezi minne iliyopita, kwenye kitanda cha dirishani aliletewa mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Saratani ya titi ilikuwa imeshafika kwenye mapafu.

"Nafanya kazi hapa hapa, na mdogo wangu akanificha uvimbe mwaka mzima," anasema. "Eti hakutaka kuniongezea mzigo."

Siku ya kwanza alipoanza kumhesabia, mdogo mtu aligeukia ukutani. "Dada, niache. Hao uliowahesabia wako wapi?"

Mama Pumzi aliacha kuhesabu. Aliingia stoo, akakaa juu ya marobota ya mashuka. "Nililia. Nikajaribu kupumua mwenyewe ninavyowafundisha, ikagoma."

Tangu hapo alikuwa akimshika mkono tu. Lakini juzi kifua kilimbana mgonjwa, akauliza kwa shida: "Ulisema mpaka ngapi, dada?" Walivuta pamoja mara tatu. Ya nne hakuiweza.

Jana daktari alisimamisha dawa. Mgonjwa anataka kurudi nyumbani, na dada yake atamhudumia huko.

"Nilimwambia daktari naomba likizo ya mwezi," anasema. "Akaniangalia, akaniambia niombe wiki mbili, zitatosha. Mimi nimeandika mwezi."