Bomba la Kahawa Lililokwenda Upare

Mjukuu wangu aliniamkia akiwa bado mlangoni, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akauliza, "Bibi, lile bomba la kupulizia kahawa bado lipo?"

Si "umeamkaje," si "ng'ombe wazima?" Bomba! Nami nilikuwa na mtori wa ndizi na nyama jikoni tangu asubuhi. Nilijua anapita tu na gari la chuo chao, anakwenda Upare kwa bibi mzaa mama yake. Huko alale wiki nzima. Kwangu anywe mtori, tena amesimama.

Huyu binti anasoma mawe. Mimi shule iliniishia darasa la nne, lakini kanisani nakaa benchi la mbele na kila mtu pale anajua mjukuu wangu anasoma mawe chuo kikuu. Kinachoniuma ni kwamba mawe yenyewe si ya kwangu. Nakaa Old Moshi, Kilimanjaro yote iko mgongoni kwangu, watu wanapanda ndege kuja kuikanyaga, yeye anaipita anakwenda kwenye vilima vya Upare. Na jina lake ni la hukohuko. Kwetu binti wa kwanza hurithi jina la mama mzaa baba, wa pili la mama mzaa mama. Aliyerithi langu anauza vipodozi Dar. Huyu wa mawe alizaliwa wa pili.

"Bomba la nini?" nikauliza.

Akanieleza kwamba mashine yake ya kutobolea miamba lazima imwagiwe maji isiungue, na bomba lake la kusukumia maji limepasuka njiani.

"Lipo," nikasema. "Ila haliendi bila mwenyewe."

"Bibi, kule jua kali."

"Na hapa naishi kwenye friji?"

Nikamwomba jirani awakatie ng'ombe majani, nikachukua kikapu changu, nikapanda gari.

Mkwe mwenzangu, huyo bibi yake wa Upare, alitupokea kwa kicheko. Yule mama anacheka sana, na meno anayo yote. Kitanda cha mjukuu kilikuwa kimetandikwa shuka za maua, mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Niliziangalia, nikaomba maji ya kunywa.

Mwamba wenyewe uko juu ya shamba lake la maharage, una mistari mistari kama nyama ya mafuta. Nikabeba bomba mgongoni, nikapampu. Nilikuwa nimelisuuza, lakini maji ya kwanza yalitoka na ubuluu wa mrututu, ile dawa ya kahawa yangu, yakatiririka juu ya jiwe la mkwe. Nilifurahi. Angalau nimemchafulia.

Mashine ilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Ikaacha kijiwe kirefu cha mviringo, kama mshumaa, bado kimeshikilia mwamba kwa chini. Mjukuu hakukivunja. Alikiwekea dira kwanza, akachora mshale.

"Kikishatoka, bibi, hakuna atakayejua kilikuwa kinaangalia wapi."

Nikainama nione. Akakunja uso. "Mshale wa dira umehama. Nani ana chuma?"

Ni mimi. Mundu wangu wa majani ulikuwa kwenye kikapu. Sikumbuki hata nimeuweka saa ngapi.

"Mchaga na mundu!" mkwe akasema. "Ulikuja kututembelea au kutuvuna?"

"Nyie Wapare hamvuniki, mtanifungulia kesi."

Mjukuu akacheka, akaniomba nikae mbali kidogo. Nikakaa mbali. Mkwe akabaki palepale ubavuni kwake.

Kutoka kule mbali nikamuuliza, anatafuta nini humo? Akasema ndani ya jiwe mna chembe ndogo za chuma. Zamani mno, mabara mawili yaligongana hapa, ardhi ikakunjamana ikawa milima, na mawe yakabanwa. Zile chembe zikalala upande mmoja, kama majani aliyolalia ng'ombe. Ukizipima unajua mlima ulisukumwa kutoka wapi.

"Na mlima wetu je?"

"Ule haukubanwa, bibi. Ni uji wa moto uliomwagika ukaganda. Ukilinganisha na huu, ule bado mtoto."

Mkwe alicheka mpaka akashika kiuno. "Umesikia, mkwe? Mwambie mlima wako uwe unauamkia wangu shikamoo!"

Niliacha kikapu kule, nikarudi kwenye shimo la pili. Nilipampu maji kwa hasira mpaka mjukuu akaloa miguu.

Jioni nikaaga niwahi basi. Kazi ilikuwa haijaisha, kwa hiyo bomba libaki. Nikakubali kwa sharti moja, nikalisema mbele ya mkwe: mjukuu alirudishe mwenyewe kwa mkono wake, na alale kwangu.

Wiki ikaisha. Mkwe akapiga simu, sauti tamu. "Bomba lako nimempa konda wa basi, lipokee stendi. Mtoto amechoka, nimemwambia apumzike hapa."

"Sikumkopesha konda," nikasema. "Lilale hukohuko stendi." Nikakata.

Usiku ule sikula. Nilitandika kitanda, nikakitandua, nikakitandika tena. Kesho yake mchana nikamwona anapandisha njia ya migombani, bomba la stendi mgongoni, begi kifuani, mashine mkononi.

"Bibi, wewe ni mkorofi!"

"Kaa, unywe mtori."

Alilala. Asubuhi nikampeleka kwenye jiwe jeusi lililo kando ya mfongo, mfereji unaoleta maji kihambani, kwenye migomba na kahawa yangu. Nikampampia, akatoboa, akachora mshale. Akasema chembe za chuma za hili zilielekea kaskazini siku lilipopoa, zikaganda hivyohivyo.

"Utalipeleka maabara?"

"Hapana, bibi. Mimi nasoma milima iliyobanwa. Hili nimekutobolea wewe."

Afadhali angenidanganya. Lakini nilikipokea kile kijiwe, nikakiosha, nikakiweka kabatini pembeni ya picha ya harusi yangu.

Alipoondoka nikampigia mkwe.

"Vile vijiwe vyako viko wapi?"

"Vimekwenda maabara vyote. Hapa nimebaki na mashimo."

"Mimi changu ninacho kabatini."

Kwa mara ya kwanza sikusikia kicheko. Akauliza polepole, "Mkwe, kwani lile bomba unalihitaji? Nami nataka nitobolewe changu."

"Nalihitaji sana," nikasema. Kahawa nilikuwa nimeshamaliza kuipulizia.