Muongozaji wa Filamu na Maisha ya Mama

Siku ile sebuleni kwangu Mkolani tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye ni fundi simu, mdogo wetu wa mwisho ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Misungwi, mama mdogo, aliyekuja kutoka Usagara asubuhi, na muongozaji wa filamu kutoka Dar. Baba na mama walishatangulia zamani.

Muongozaji alivaa koti la zambarau linalometameta, pete kwenye vidole sita na viatu vyeupe ambavyo vumbi la mtaa wetu lilikuwa limeshavimaliza. Mama mdogo akaninong'oneza, "Huyu ni nabii wa kanisa gani?"

"Shikamoo mama," mgeni akasema, akapiga goti.

"Marahaba. Simama baba, utachafua suruali."

Alitaka ruhusa yetu atengeneze filamu ya maisha ya mama, aliyekuwa mwimbaji wa disko hapa Mwanza. Alipotaja jina lake alitoa machozi. Kisha akasimama, akacheza kama mama katikati ya viti vyangu, mkono mmoja juu, kiuno kikizunguka. Mdogo wangu wa kiume akampigia makofi. Mimi sikupiga. Mtu akimlilia mama yako kukuzidi wewe, mchunge mikono.

Mimi nauza dagaa. Shule niliacha darasa la tano, lakini gunia najua kulipima. Juu wanakuwekea dagaa wakavu, wazima; ukizamisha mkono hadi katikati ndipo unakutana na mchanga. Basi alipoanza kutusomea muswada wake tangu mwanzo, taa na shangwe tupu, nikamkatiza.

"Fungua katikati."

"Dada mkubwa, hadithi ina mpangilio wake."

"Hata gunia lina mpangilio wake. Fungua katikati, mwalimu atusomee."

Muongozaji akamtazama mama mdogo. Mama mdogo akainamia chai yake. Nikajua kuna jambo. Nilidhani ni pombe, au wanaume, nikawa tayari kumfukuza na koti lake.

Mdogo wetu akasoma kwa sauti ya darasani. Mama yuko mlangoni, anawahi mazoezi ya mchana na bendi. Mtoto mchanga analia. Mama anachukua mkoba wa shule wa binti yake mkubwa, anautundika msumarini, kisha anamfunga binti huyo kichanga mgongoni kwa kanga. "Wiki hii tu, mwanangu," anasema.

Hapo mdogo wetu akakatiza kusoma.

Miaka yote niliwaambia wadogo zangu kwamba niliacha shule kwa sababu mama alifariki. Ukweli ni kwamba niliacha mwaka mzima kabla, naye akiwa mzima, akiimba. Aliyejua ni mama mdogo peke yake, na alikuwa amemsimulia mgeni kwenye simu.

"Dada, huyu kichanga ni mimi?"

"Hiyo ni filamu tu."

"Dada."

"Ni wewe."

Nikamgeukia muongozaji. "Ukurasa huo ukiutoa, natia saini. Usipoutoa, mlango ule pale."

Kwa mara ya kwanza hakupamba sauti. "Nikiutoa, nitabaki na nyimbo na koti langu hili."

"Usiutoe," mdogo wetu akasema. Akachukua kalamu, akasaini. Kaka yake akafuata. Wakaningoja. Nami nikasaini, kwa mwandiko wangu ule ule wa darasa la tano, bila kumwamini yule mtu. Mpaka leo simwamini.

Tangu siku hiyo mdogo wetu anakuja kila Jumamosi. Anafua nguo zangu ingawa nimemkataza. Namwambia hadaiwi kitu, anaendelea kusuuza. Jumamosi ya kwanza aliniuliza, mikono ikiwa ndani ya povu, "Ulinichukia?"

Nilimwomba muda. Zimepita Jumamosi tatu, na jibu lake bado sijamlipa.